Gorogoro Haina Lebo

Kila nikipost kitu kuhusu chakula, lazima kuwe na msee wa kuniambia yeye hana stress na unga wa pakiti, analetewa gunia la mahindi kutoka ushago. Anasema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyeokoka. Mimi ni wa Kilungu, ile milima ya Makueni unayopanda ukiachana na barabara ya Mombasa pale Salama kuelekea Nunguni. Kwa hivyo nataka kuwapa historia kidogo ya hilo gunia. Nilisoma historia mwaka mmoja na nusu kabla sijaachana na chuo, msitarajie cheti hapa. Tarajieni tarehe.

Tuanze 2004. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnatambaa. Mwanzoni mwa mwaka huo watu wa Makueni na Kitui walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya njano, tumbo limevimba, wamechoka. Kufikia Mei ilikuwa wazi kwa Wizara ya Afya kwamba huu si ugonjwa wa kawaida wa ini, kwa sababu waliokuwa wanakufa walikuwa wengi mno. Wakapima mahindi waliyokuwa wakila. Kiwango cha aflatoksini ambacho Kenya ilikuwa inaruhusu wakati huo kilikuwa 20 kwa bilioni. Fikiria shilingi 20 ndani ya bilioni moja, ni kitu kidogo hivyo. Kuna sampuli iliyotoka na 4,400. Hiyo ni mara 220.

Kufikia Julai 20, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Makueni na Kitui ndizo zilizobeba mzigo mkubwa, Machakos na Thika zikafuata. Mwaka uliofuata ikarudi tena, watu 32 wakafa. Ni kati ya visa vibaya zaidi vya sumu hii kuwahi kuandikwa duniani, na vilitokea kwetu. Ukiuliza vijana kumi wa Nairobi kama wanajua, nane watakuambia aflatoksini ni ile stori ya unga wa 2019. Tutafika huko.

Aflatoksini, au sumukuvu, inatengenezwa na kuvu. Haina harufu, haina ladha, na haiishi ukipika. Unaweza kuchemsha isyo kutoka asubuhi hadi jioni na sumu iko tu. Dunia yenyewe haikuijua hadi 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa chakula cha njugu kutoka Brazil. Kwetu ilionekana mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa 1981, wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado imeibeba Makueni yote, watu 20 walilazwa na 12 wakafa. Madaktari walioandika kisa hicho walisema njiwa walikuwa wameanza kufa, halafu mbwa, halafu watu. Yaani tulikuwa na onyo miaka 23 kabla. Onyo lenye njiwa.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo msee wa gunia anapoangukia. Yale mahindi ya 2004 hayakuanzia kwa kampuni. Hakuna tajiri aliyemwaga sumu kwa mashine. Watafiti walipofuatilia, walikuta sumu ilianza kwa mahindi yaliyolimwa hapo hapo na watu wenyewe. Mvua ilinyesha wakati usiofaa, mavuno yakaingia na unyevu. Na kwa sababu njaa ilikuwa imekaribia, watu waliogopa kuibiwa, wakayatoa kwa ikumbi, ghala letu la nje linalopitisha hewa, wakayaingiza ndani ya nyumba. Walipolinganisha familia zilizougua na majirani ambao hawakuugua, kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba ni moja ya vitu vilivyowatofautisha. Mtu alikuwa analinda chakula cha watoto wake. Alikilala karibu, akakipa joto.

Halafu yakaingia sokoni. Mwenye shida ya karo anauza magunia mawili, broka anachukua, anachanganya na ya mwingine, lori linaenda. Mei hiyo hiyo watu wa afya walizunguka masoko 65 wakachukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 zilipita kile kiwango cha 20. Asilimia 35 zilipita 100. Asilimia 7 zilipita 1,000. Yaani ukiingia sokoni ukafumba macho ukanunua, ulikuwa na nafasi kubwa ya kubeba sumu kuliko kukosa. Na hata ukifumbua macho ni hivyo tu, kwa sababu unaangalia nini?

Hebu tuongelee gorogoro. Kama umelelewa mtaa wa wadosi na hujui, gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ambao ukishaisha unakuwa kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni. Nusu ya Kenya inanunua chakula kwa huo mkebe. Idara ya vipimo na mizani haijawahi kuutambua, hauna muhuri wao, na kila mtu anajua kuna mkebe uliobonyezwa chini na mkebe ambao haujabonyezwa. Lakini mimi kinachonishangaza ni ile karatasi au rangi iliyobaki ubavuni. Imeandikwa mafuta. Imeandikwa uzito, kiwanda, tarehe ya kuharibika, kila kitu sheria inachotaka. Ndani kuna mahindi ya watu kumi tofauti. Ni lebo safi kabisa kwenye kitu kisicho na lebo.

Na sheria tulikuwa nayo. Sura ya 254, ile ya Chakula, Dawa na Kemikali, ilipitishwa 1965. Inakataza kuuza chakula chenye sumu, kilichooza au kilichochakachuliwa, na inakataza kukiandika au kukifunga kwa njia ya kumdanganya mnunuzi. Shirika la viwango, KEBS, lilianzishwa na sheria ya 1974. Kwa karatasi, hata mama wa gorogoro yuko ndani ya sheria hiyo. Lakini ukitaka kuitumia lazima ujue nani alitengeneza, lini, na kundi gani la bidhaa. Pakiti ya unga inakuambia yote hayo. Gorogoro inakuambia bei tu.

Ndio maana hatua za 2004 zilikuwa za mkono kwa mkono. Serikali ilileta chakula cha kubadilisha wilaya zilizoathirika, maafisa wakakagua, mahindi mabaya yakachukuliwa na kuharibiwa, watu wakaambiwa wasile kitu chenye kuvu. Siwezi kukejeli hiyo kazi, kuna watu walipanda vilima kwa miguu. Lakini jaribu kujiweka kwa boma ambalo lina gunia moja limebaki, mwaka wa njaa, na afisa amekuja kukuambia unachokula kitakuua. Unaona mahindi. Mahindi ni mahindi. Julai 14 Rais Kibaki alitangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Katika hali hiyo, kumwambia mtu amwage chakula kwa sababu ya kitu asichokiona, hasikii harufu yake, na ambacho jana jirani alikula akaamka poa, hiyo ni kazi ngumu sana.

Kuna watu watasema serikali haina uwezo wa kufika kila boma la Ukambani. Hapo ndipo naomba turudi nyuma hadi 1938, kwa sababu kuna mkebe mwingine.

Miaka hiyo serikali ya mkoloni iliamua Wakamba tuna ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyobeba, na kwamba mmomonyoko ni makosa yetu. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's, hao watu wa nyama ya mikebe, ilikuwa inajenga kiwanda pale Athi River na ilihitaji ng'ombe wa bei ya chini, wengi, bila kukatika. Unaona hesabu. Maafisa waliingia Ukambani boma kwa boma. Walihesabu ng'ombe. Walipiga chapa wale walioruhusiwa kubaki, na wengine wakachukuliwa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwisho wa Julai, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association. Wakapiga kambi wiki kadhaa. Gavana akakataa kuwaona Nairobi, akaja kuongea nao Machakos baadaye. Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka uishe mpango wa kuchukua ng'ombe kwa lazima ulikuwa umekufa. Ile barabara ya katikati ya Nairobi unayopita ukienda soko la City Market ina jina lake.

Kwa hivyo serikali iliweza kufika kila boma, na ilijua kila mnyama, wakati mkebe wa Athi River ulikuwa unataka kujazwa. Hiyo nyama ikitoka kiwandani ilikuwa na lebo nzuri. Mnunuzi wa mbali alilindwa. Sisi tuliotoa ng'ombe hatukuwa kwa lebo. Sisemi maafisa wa 2004 ni sawa na wale wa 1938, msinichukulie vibaya. Nasema kuhesabu si shida ya uwezo.

Hizi sheria za lebo zenyewe zilizaliwa mjini, kwa walaji wa mjini. London ya miaka ya 1850, daktari Arthur Hill Hassall alikuwa ananunua vitu madukani, anaviweka chini ya darubini, halafu jarida la Lancet linachapisha matokeo pamoja na jina na mahali pa muuzaji. Alikuta achari na mboga za chupa zimepakwa kijani kwa shaba. Marekani wakapata sheria yao 1906, baada ya mkemia Harvey Wiley kuwalisha vijana wa kujitolea dawa za kuhifadhia chakula ili aone zitawafanya nini, na baada ya kitabu cha Upton Sinclair kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago kuwafanya watu watapike. Zote mbili zilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kutaja: duka, kiwanda, jina. Sisi tulichukua mfumo huo karibu ulivyo, tukauweka juu ya nchi ambayo chakula chake kikuu kinapimwa kwa mkebe mtupu.

Basi uone vile msako wa Kenya unavyoenda. Unaenda kwa jina, na unaenda na kamera.

Juni 2018 ilikuwa sukari. Magunia yalikamatwa kila mahali, maghala yakafungwa, Waziri Matiang'i akatangaza kuna zebaki ndani, mawaziri wenzake wakasema vingine. Wananchi tukabaki tunakoroga chai tukiangaliana. Ujanja mkubwa uliotajwa ulikuwa wa lebo kabisa: sukari ya magendo inamwagwa kwenye mifuko yenye jina la kampuni ya hapa. Mwaka wa 2019, Julai, NTV ikatoa ile stori ya nyama za supamaketi na dawa za kuifanya ionekane mpya, na ghafla wakaguzi wakaonekana kila mahali wamevaa makoti meupe. Novemba 9 mwaka huo huo KEBS ikasimamisha chapa 5 za unga wa mahindi: Dola, Kifaru, Starehe, 210 na Jembe, kwa sababu ya aflatoksini. Januari 2020 zikaongezwa nyingine. Dola ilipimwa upya ikarudi, na leo iko kila duka.

Kitu kimoja kilinichekesha, kicheko kile cha uchungu. Kampuni inayotengeneza Dola inaitwa Kitui Flour Mills, na kiwanda chake kiko Mombasa. Watu wa Kitui halisi walikufa 2004 bila jina lolote kwa kifungashio. Miaka 15 baadaye jina Kitui likawa kwa habari za saa moja, na ni la unga wa pakiti.

Na mwone tofauti ya hofu. Unga wa pakiti ukisimamishwa, nchi nzima inajua jioni hiyo, watu wanatoa pakiti jikoni, wanapiga picha. Hiyo ni kazi nzuri na naipenda, KEBS ikifanya hivyo nitaipigia makofi. Lakini mtu akiogopa pakiti anakimbilia wapi? Anakimbilia kisiagi. Ananunua gorogoro tatu anasagiwa, anasema sasa ninakula kitu najua. Machi 5, 2021, serikali ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya hiyo hiyo sumu, halafu baada ya siku chache ikafungua kwa masharti ya usajili wa waagizaji na cheti kwamba kiwango kiko chini ya 10, ambacho ndicho kiwango chetu cha siku hizi. Lori la Namanga linaombwa cheti. Lori linalotoka shamba la hapa hapa kwenda soko la hapa hapa haliulizwi kitu. Sumu haina pasipoti.

Kisha kuna ugatuzi. Tangu 2013 maafisa wa afya ya umma wako chini ya kaunti, na KEBS iko chini ya serikali kuu. Kwa hivyo pakiti ina mwenyewe na gorogoro ina mwenyewe mwingine. Uliza kaunti yoyote ina vifaa vingapi vya kupima sumukuvu sokoni kabla mahindi yauzwe, halafu uliza ina vitabu vingapi vya kukusanya ada ya soko kutoka kwa mama huyo huyo. Mama analipa kila siku ya soko. Anayekuja kuchukua hiyo pesa hajawahi kukosa njia ya kumpata.

Sasa, kitu ambacho nakipenda na sijui kwa nini hakiongelewi: muthokoi. Kwa wasio Wakamba, ni mahindi yaliyokobolewa ganda, zamani kwa kinu na mchi, halafu yanapikwa na maharagwe. Watafiti wa Kenya walipima muthokoi wakakuta kukoboa pekee kunaondoa karibu nusu ya aflatoksini, kwa sababu sumu nyingi inakaa upande wa nje wa punje. Susu zetu hawakuwa wanajua neno aflatoksini. Walikuwa wanataka chakula laini na kinachoiva haraka. Lakini kinu kile kilikuwa kinafanya kazi ambayo hakuna mkaguzi aliyefanya. Msichukue hii kama dawa ya kienyeji: nusu ya 4,400 ni 2,200, na hiyo bado ni ya kuua.

Mambo yanayosaidia kweli yanaanza kabla ya soko na hayana mvuto wa kamera. Kuna Aflasafe, kuvu isiyo na sumu unayomwaga shambani kabla ya mavuno ili ichukue nafasi ya ile yenye sumu. Kenya iliikubali 2015, na kwa huku kwetu imefanyiwa kazi. Kuna mifuko isiyopitisha hewa. Kuna turubai, wasee, turubai tu, kuanika mahindi bila kugusa udongo. Na kuna kukausha hadi unyevu uwe asilimia 13.5 au chini ya hapo, ndiyo namba inayotumika kununua mahindi nchini. Nyanya yangu hupima kwa kuuma punje. Ikilia, yamekauka. Nilimpelekea kile kifaa kidogo cha kupima unyevu Desemba iliyopita, akaangalia namba, akauma punje, akaniambia wote wawili mmekubaliana, lakini mimi sihitaji betri.

Kwa Kilungu kwetu hili ni gumu zaidi kuliko watu wa tambarare wanavyofikiria. Milima ni baridi, ukungu unakaa hadi saa nne, mashamba ni matuta membamba yaliyoshikilia mlima. Mahindi yakivunwa na mvua ikiendelea, utayaanika wapi? Na kwa kuwa shamba ni dogo, mahindi ya kwetu yanaisha mapema, halafu tunanunua yanayopanda na lori kutoka chini. Yaani hata sisi wenye ushago tunakula ushago wa mtu mwingine, kwa gorogoro.

Kwa hivyo ukipigiwa simu uende stage kuchukua gunia, furahia, umependwa. Halafu kabla ya kwenda kisiagini, uliza aliyetuma maswali matatu: yalivunwa mwezi gani, yalianikwa juu ya nini, na yalilala wapi. Ufungue, umwage juu ya kitu cheupe, uchague. Punje zilizovunjika, zenye kijani, zenye weusi, zilizonyauka, toa. Usiwape kuku pia, kwa sababu kuku utamla na mayai utayala. Ukikuta ni nyingi, lile gunia lote halifai, hata kama ndani yake kuna barua ya mama.

Kwa kaunti za Makueni na Kitui ombi langu ni dogo na lina mahali pa kuanzia: kifaa kimoja cha kupima unyevu na kimoja cha sumukuvu kwa kila soko lenye mkusanya ada, kiwe mezani kwake, na matokeo yaandikwe kwa chaki mahali watu wanaona, siku hiyo, kabla gorogoro ya kwanza haijamwagwa.